Mwanza au Kisumu: kabla hujanunua kiwanja kinachotazama ziwa

Mdogo wangu ameuza Fuso lake. Jumapili, baada ya ibada, alikuja kwangu Pasua na mkewe, na mabishano yao niliyasikia kabla hawajafika mlangoni. Wanataka kujenga nyumba ya wageni, vyumba vinane, chini mgahawa wa samaki, mahali ambapo mteja anakula huku akitazama maji. Mdogo wangu anataka Mwanza, ambako amepeleka mizigo miaka na miaka. Shemeji anataka Kisumu, ambako dada yake ameolewa.

"Kaka," mdogo wangu akasema, "wewe umepima viwanja mpaka ukastaafu. Amua."

"Ila usimpendelee," shemeji akadakia, "kwa sababu mmenyonya ziwa moja."

Sikuamua siku ile. Nimeandika haya badala yake, na kwa kuwa najua hapa Moshi na kule Arusha wapo wengine wenye pesa ya Fuso na ndoto ya sato, nayaweka mahali ambapo yeyote atayasoma.

Tuanze na ardhi yenyewe

Huku kwetu mpaka ni sale. Ukipanda masale, mimea ile ya mpakani, pembezoni mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, mjukuu wako atayakuta palepale, na ugomvi ukizuka wazee wanakwenda kuyatazama, mambo yanaisha. Ardhi ya ziwani haina tabia hiyo. Mtu wa Moshi akitaka mfano wa karibu aende Nyumba ya Mungu: maji ya bwawa yakishuka watu wanalima kwenye tope lililobaki, yakirudi shamba linakuwa la perege. Ziwa Victoria linafanya vivyo hivyo, ila kwa mwendo wa miaka, ndiyo maana watu wanasahau. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 ndizo zilizolipandisha, na kufikia 1964 lilikuwa limeinuka zaidi ya mita 2. Alama ile ilikaa zaidi ya nusu karne bila kuguswa, mpaka Mei 2020 maji yalipoifikia na kuipita. Mwaka 2024 yakafurika tena.

Sasa shika kalamu. Pwani inayoshuka mita 2 kwa kila mita 100, maji yakipanda mita 1 tu yanakuingilia mita 50. Pwani ya mawe inayoshuka mita 1 kwa kila mita 2, maji yaleyale yanasogea mita 2 na kuishia hapo. Ziwa ni moja, mvua ni moja, lakini jirani mmoja analowa miguu na mwingine anapoteza sebule.

Hapo ndipo Mwanza na Kisumu zinapoachana kabla hata hujauliza bei. Mwanza imekaa juu ya mawe. Vilima vyake vinaanguka moja kwa moja ziwani, na Jiwe la Bismarck pale majini ni kipande tu cha mwamba uleule unaoshikilia mji. Kisumu iko kwenye kona ya ghuba ya Winam, mahali tambarare ya Kano inapokutana na maji. Kano ni nchi ya mpunga na mafuriko, na mto Nyando ukikasirika haubishi hodi. Mwaka ule wa 2020, upande wa Dunga, kusini mwa mji wa Kisumu, maji yaliingia kwenye vibanda na majukwaa ya watu wa samaki. Mialo ya Mwanza nayo ilifunikwa, lakini nyumba za mlimani zilitazama tu.

Shemeji, hapo mdogo wangu amepata bao moja. Usikate tamaa, mwamba nao una mambo yake. Kuchimba msingi kwenye mawe ya Mwanza kunakula pesa, na kuchimba shimo la choo kunakula zaidi. Vyumba vinane vyenye wageni vinajaza shimo haraka, na gari la kunyonya maji taka halipandi kila kilima. Maji ya bomba nayo yanahitaji kusukumwa kwenda juu. Ziwa unaliona dirishani, dumu unanunua. Nimewahi kukaa Mwanza kikazi kwenye nyumba yenye mandhari ambayo mtalii angelipia dola, na asubuhi tulikuwa tunaoga kwa kopo.

Nani amekaa kati yako na maji?

Hili ndilo swali ambalo wanunuzi hawaulizi, na mimi ndilo ningeliuliza la kwanza. Mtu anapokuonyesha kiwanja na kusema "hapa unaona ziwa," tazama ardhi iliyo katikati. Ni ya nani? Leo ina nini, na kesho mwenyewe anaweza kuweka nini?

Miji mikubwa ya maziwa mingi ilianza kwa kuyapa maji mgongo. Ziwani ndiko mizigo ilikotoka, kwa hiyo ziwani kukawekwa gati, reli, maghala, na takataka. Nyumba za wenye uwezo zikaenda juu, penye hewa. Baadaye sana, bandari ikidorora au mji ukitajirika, watu wanagundua kwamba uani kwao ndiko kuzuri kuliko sebuleni. Hapo ndipo vita ya ufukwe inapoanza.

Kisumu ni mtoto wa reli. Njia kutoka Mombasa ilifika mwishoni mwa 1901, mahali pakaitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi mmoja, na reli ikachukua kile ambacho reli hupenda: ardhi tambarare iliyo jirani na maji. Kwa hiyo katikati ya mji na ziwa pakakaa yadi, gati na matangi ya mafuta. Kwa miaka mingi mgeni aliyetaka kula ngege, yaani sato, akiwa karibu na maji alipelekwa Lwang'ni, kwenye mabanda ya mabati. Neno hilo kwa Kijaluo ni nzi, na waliopaita hivyo hawakuwa wanatania. Samaki walikuwa watamu sana. Bandari ilipokuja kukarabatiwa, tingatinga likaingia na mabanda yakaondoka. Waliokuwa pale hawakuwa wajinga wala wavivu. Walikuwa wamekaa kwenye ardhi ya reli, basi. Biashara ya miaka mingi, wateja kutoka Nairobi, na ardhi ya mtu mwingine chini yake.

Mwanza ilianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1892, lakini reli kutoka Tabora ilichelewa mpaka 1928, mji ukiwa umeshajipangia mambo yake. Labda ndiyo sababu ufukwe wa Mwanza haukumezwa na mwenye mali mmoja, umekatwa vipandevipande. Bandari hapa, kivuko cha Kamanga pale, Capri Point kwa wenye nafasi, mwalo wa Kirumba kwa wavuvi na wafanyabiashara wa dagaa, halafu viwanda vya minofu ya sangara vilivyoota mwambaoni miaka ya 1990. Ukinunua kiwanja Mwanza kinachotazama ziwa, muulize dalali upepo wa jioni unatoka upande gani. Kiwanda cha samaki hakinukii kwenye picha. Na kwa sababu dada na kaka zetu wa Mwanza wamewahi kula mapanki, mifupa ya sangara inayobaki kiwandani, huku minofu ikipanda ndege, usiende kuwaambia kwamba ziwa limewatajirisha wote.

Kaka zao wawili wa mbali

Binti yangu anaishi Toronto, kando ya Ziwa Ontario, na ndiye aliyenifungua macho kuhusu jambo moja. Alinitumia picha amesimama kwenye barabara inayoitwa Front Street, barabara ya mbele, akaniuliza: "Baba, mbele ya nini?" Ziwa halionekani. Zamani barabara ile ilikuwa ukingoni mwa maji. Reli zilipokuja katikati ya karne ya 19 walianza kumwaga udongo ziwani ili kupata uwanja, karne iliyofuata bandari ikaendelea kumwaga, na mji ukasogea ndani ya ziwa mamia ya mita. Kisha kati ya 1955 na 1966 wakapitisha barabara ya juu, Gardiner Expressway, sambamba na ufukwe. Viwanda vilipoondoka, yakapanda maghorofa ya kuishi, na waliokuwa nyuma wakabaki kutazama migongo ya majirani zao.

Yaani kuna watu waliowahi kununua nyumba ya mstari wa kwanza, na ziwa likahama. Hawakuhama wao.

Kibaya zaidi ni kwamba mto Don, uliokuwa ukiingia ziwani kupitia kinamasi kikubwa, ulikunjwa kwa pembe kali kama bomba la jikoni na kinamasi kikafukiwa. Mafuriko yakawa ya kawaida. Miaka ya karibuni wametumia zaidi ya dola bilioni moja za Kanada kuurudishia mto mdomo wenye kupinda na nyasi za majini. Nikisoma hayo nafikiria mafunjo ya Dunga pale Kisumu, ambayo bado yapo na yanafanya kazi ileile bure, kuchuja maji na kupunguza nguvu ya mawimbi. Mtu akikuambia, shemeji, kwamba kiwanja chako kitapendeza ukishaondoa mafunjo, jua kwamba anakuuzia tatizo.

Kuhusu kufukia ziwa kuna kisa cha mji mdogo wa Zug, Uswisi. Walijenga ukuta mpya mzuri wa ufukweni juu ya udongo laini wa chini ya ziwa. Nyufa zikaonekana, zikazibwa. Tarehe 5 Julai 1887 mtaa ukaingia majini pamoja na nyumba zake, na watu 11 wakafa. Ardhi ya kufukia haionekani kwa macho, hasa ikishaota majani. Mpimaji wa zamani anaijua kwa kulinganisha ramani mbili.

Chicago ni habari nyingine, na ni ndefu, lakini nitaieleza kwa sababu ndiyo inayonifanya niheshimu maandishi. Mwaka 1836, kabla hata haijawa jiji rasmi, waliokuwa wakiuza viwanja waliandika kwenye ramani kwamba kipande fulani kando ya Ziwa Michigan kibaki cha umma milele, wazi, bila jengo lolote. Maneno ya kwenye ramani, tena ya wauza viwanja! Nani angeyaamini? Na kweli hayakuheshimiwa. Reli ya Illinois Central ikapewa njia ya kupita ukingoni miaka ya 1850 kwa masharti kwamba ijenge ukuta wa kuzuia mawimbi. Mji ulipoungua mwaka 1871, vifusi vikamwagwa ziwani mbele ya eneo hilohilo, ardhi ikaongezeka, na tamaa nayo ikaongezeka. Kila kiongozi alikuwa na jengo la kuweka pale.

Aliyesimama kati ni mfanyabiashara mmoja, Montgomery Ward, aliyekuwa na duka linalotazama kiwanja kile. Alianza kuushtaki mji mwaka 1890 na hakumaliza mpaka 1911. Miaka ishirini na moja mahakamani, akishinda huku magazeti yakimtukana kwamba anazuia maendeleo. Leo Grant Park ipo kwa sababu yake. Katika kipindi hichohicho, mwaka 1892, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba jimbo halina haki ya kuigawia kampuni ya reli ardhi iliyo chini ya maji ya ziwa, kwa kuwa imeishika kwa niaba ya wananchi. Reli yenyewe ilikuja kufunikwa sehemu yake na Millennium Park, iliyofunguliwa 2004. Hesabu: kutoka kuweka reli mpaka kuifunika, karne moja na nusu.

Basi ukiniuliza Mwanza na Kisumu zinaelekea kwa kaka yupi, naona Kisumu inaanza pale Chicago ilipoanza, na mwenye ufunguo ni mmoja au wawili: reli na bandari. Wakiamua vizuri, ufukwe wote unaweza kufunguka kwa pamoja. Wakiamua vibaya, unafungwa wote. Mwanza inakwenda njia ya Toronto, kipande kwa kipande, kila mwenye kipande akijenga lake. Hakuna atakayeweza kuharibu pote kwa siku moja, wala kupanga pote.

Kuna jambo moja ambalo Chicago ililifanya mapema na Mwanza bado inalihitaji. Mwaka 1900 waligeuza mto wao ukimbie kinyume, usiingie tena ziwani, kwa sababu walikuwa wakinywa maji ya ziwa lilelile walilokuwa wakilichafua. Walioko chini ya mkondo mpya hawakufurahi, na siwalaumu. Mwanza maji ya kunywa yanavutwa Capri Point, na mto Mirongo unapita katikati ya mji ukibeba kila kitu kuelekea ziwa hilohilo. Kisumu wana mto Kisat wao. Pande zote mbili, shemeji, mboga za mgahawa utaziosha kwa maji ya bomba yaliyotibiwa.

Sheria na karatasi

Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Utaonyeshwa nyumba nyingi zilizo ndani ya mita hizo, na dalali atazitumia kama ushahidi kwamba "hapa hakuna shida." Mimi nilishapima kiwanja, mwenyewe akapaka rangi bikoni zake, yale mawe ya mpaka, kwa furaha, na miaka michache baadaye alama nyingine ya rangi, ile nyekundu ya X, ikatokea ukutani kwake. Kenya umbali unatofautiana kulingana na sheria unayoisoma, na hilo ni baya kuliko kuwa na sheria kali, maana unaweza kuwa sahihi kwa ofisi moja na mvunja sheria kwa nyingine. Uganda, kwa kulinganisha, wameandika mita 200 kwa maziwa makubwa.

Halafu umiliki. Hapa wewe ni raia, unaweza kupata hati ya miaka 33, 66 au 99 kwa jina lako. Vilima vya Mwanza vimejaa makazi ambayo hayakupimwa, na urasimishaji umefika mitaa mingine na haujafika mingine. Karatasi ya serikali ya mtaa yenye muhuri ni ushahidi wa mauziano, si hati. Kisumu wewe ni mgeni. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa asiye raia kukodi tu, miaka isiyozidi 99. Najua kinachofuata: "Tutaandika jina la dada." Sitasema mengi. Nimesimama kwenye viwanja vya ndugu walioandikiana majina, mimi nikiwa na kifaa changu cha kupimia na wao wakiwa na mawakili.

Wateja

Hapa Kisumu inapata bao lake, na ni bao zuri. Mji ule una utamaduni wa kwenda kula samaki. Familia inatoka Jumapili kwa ajili ya ngege tu, na Nairobi wanashuka wikendi. Anayejua kukaanga vizuri na kutandika ugali mkubwa hakosi kazi. Adui yake ni gugumaji: ghuba ya Winam ni kama mfuko, upepo ukisukuma magugu kuelekea mjini, mteja anakuja kuona ziwa na kukuta malisho ya ng'ombe.

Mwanza mteja wa kula yupo, lakini mteja wa kulala ndiye mkubwa: mfanyabiashara wa dagaa na mabondo ya sangara, dereva, mtumishi aliye safarini, mtu anayesubiri meli ya Bukoba. Huyo hataki mandhari. Anataka maegesho, maji ya moto, na pa kulaza gari bila kuibiwa taa. Na njia zake zinabadilika. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ya kivuko iliyolisha mama lishe wa pande zote mbili imekwisha. Reli mpya kutoka Isaka, kilomita 341, inajengwa. Kila kitu kama hicho kinahamisha mahali mtu anapolala. Mji wa ziwa unakua kufuata mahali mizigo inapobadilisha chombo, na mizigo ikiacha kubadilisha chombo, hoteli inabaki na mandhari.

Kwa hiyo

Mdogo wangu, chukua Mwanza, lakini acha mstari wa kwanza. Panda juu ya barabara, mstari wa pili au wa tatu kwenye mteremko, ambako lori la maji na gari la kunyonya choo vyote vinafika. Jirani wa chini akijenga ghorofa mbili bado utaona ziwa juu ya paa lake. Kiwe kimepimwa na kina hati. Kwanza panga nyumba ya mtu mwaka mmoja mjue wateja, kisha ndipo mjenge.

Shemeji, Kisumu usiiache, ila usijenge. Kodi mgahawa, upike, dada yako awe mwenyeji na si mmiliki. Pesa ya kukodi ikipotea inauma mwezi mmoja. Ukiniuliza ni nani kati yenu atapata faida mapema, nadhani ni wewe.

Nilimwambia hivyo kwa simu jana, akacheka, akasema basi waende wote wawili wakaangalie. Nimewashauri waende Mei, masika yakiwa yanaisha, ambapo kwa kawaida ziwa huwa limejaa kuliko miezi mingine. Desimba kila kiwanja kina ufukwe. Wamechukua futi yangu ya kamba ya mita 50, ile ya kazini, na nimewaagiza wakifika mwaloni wamtafute mzee yeyote anayeshona nyavu, wamuulize maji ya 1964 yalifika wapi na ya 2024 yaliishia wapi, waanzie kupima hapo. Shemeji amesema kamba ni fupi. Mita 60 si 50.

Nimempa na kipande cha kuunganishia.